Saba Juu, Moja Juu

Mteja ametoka Singida kwa basi la usiku na hana muda wa kupoteza. Anataka doti arobaini za vitenge. Muuzaji wa jumla katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hamtajii bei kwa mdomo. Anavuta kalkuleta kubwa ambayo vitufe vyake vimefubaa kwa vidole, anabonyeza mara tano sita, kisha anaigeuza imtazame mteja. Mteja anatikisa kichwa, anaifuta namba ile, anabonyeza ya kwake na kuigeuza tena. Ndivyo watu wanavyopatana pale, kimya kimya, katikati ya spika za matangazo na honi za bajaji, mbele ya macho ya wengine wasiopaswa kujua bei. Wakiafikiana, mteja anatoa simu, anasoma Lipa Namba iliyobandikwa ukutani, na kuanza kuandika kiasi.

Hapo kidole kinaingia kwenye ramani nyingine. Kwenye kalkuleta safu ya juu ni saba, nane na tisa. Kwenye simu safu ya juu ni moja, mbili na tatu. Safu ya kati haibadiliki: nne, tano na sita ziko palepale, na sifuri iko chini kotekote. Kwa hiyo kuteleza kwa kidole kuna njia zake maalumu. Moja inageuka saba, mbili inageuka nane, tatu inageuka tisa. Shilingi 140,000 inaweza kuondoka ikiwa 740,000. Anayepatwa na mkasa huo huambiwa alikuwa na haraka, au mikono yake mizito. Historia ya vitufe hivyo inamtetea.

Mwaka 1914, katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, Marekani, David Sundstrand alitoa mashine ya kujumlisha yenye vitufe kumi tu vya tarakimu. Mashine nyingi za kabla yake zilijaa safu kwa safu za vitufe, kila safu na moja hadi tisa yake, na karani alilazimika kuhamisha macho na mkono kwa kila tarakimu. Sundstrand alizikusanya zote mahali pamoja na kuweka saba, nane na tisa juu. Mpangilio huo ukarithiwa na mashine za kuhesabu fedha, kisha na kalkuleta, na mwishoni na upande wa kulia wa kibodi za kompyuta.

Simu ilipita njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wahandisi wa maabara za Bell walitaka kuachana na simu ya kuzungusha. Hawakuchukua mpangilio wa kalkuleta bila kuuliza. Waliita watu, wakawapa vitufe vilivyopangwa kwa namna nyingi, vingine kwa duara, vingine kwa mistari, wakapima muda na kuhesabu makosa. R. L. Deininger aliandika matokeo hayo mwaka 1960, na Novemba 1963 simu za vitufe zikaanza kutumika katika miji miwili midogo ya Pennsylvania, moja ikiwa juu.

Kulikuwa na haja ya kuulinganisha mpangilio wa simu na ule wa kalkuleta ana kwa ana. Kazi hiyo ilifanywa Cambridge, Uingereza, na R. Conrad na A. J. Hull, na ikachapishwa mwaka 1968. Waliwapa watu wasiokuwa na mazoea namba za kuandika. Waliotumia mpangilio wa simu walikosea namba 6.4 katika kila mia, na waliotumia wa kalkuleta walikosea 8.2. Wa simu waliandika pia kwa kasi zaidi. Tofauti si kubwa kwa mtu anayepiga simu moja kwa siku. Kwa wakala wa fedha wa Mtaa wa Msimbazi ambaye miamala yake haihesabiki tangu asubuhi hadi anapofunga kibanda, ni tofauti ya mshahara.

Lakini mwaka 1968 ofisi za dunia zilikuwa zimekwisha kujaa mashine za saba juu, na hakuna aliyekuwa tayari kuwafundisha makarani upya. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 na fedha zikahamia kwenye simu, mipangilio hiyo miwili iliyoishi mbali kwa miaka mingi, mmoja ofisini na mwingine sebuleni, ikakutana kwenye meza moja ya duka Kariakoo.

Kabla ya vitufe ilikuwepo mizani, na hadithi yake sokoni ni ndefu zaidi.

Jina Kariakoo lenyewe ni Carrier Corps ilivyosikika katika masikio ya Waswahili, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha, katika miaka ya 1920, pakawa soko. Watu walipima kwa kibaba na pishi vitu vya kumimina, na kwa ratili na frasila vitu vizito. Chombo cha kupimia uzito kilikuwa mizani ya mawe: mti mmoja, sahani mbili, jiwe upande huu na sukari upande ule.

Mizani ile haikuwa na namba ya kusoma. Ilijibu swali moja tu, sawa au si sawa, na jibu lilionekana kutoka pande zote za meza. Bibi asiyejua herufi hata moja aliisoma kama karani alivyoisoma. Ukiona mti umelala, umeridhika. Ukiona umeinama upande wa jiwe, unasema "ongeza", na muuzaji anaongeza. Udanganyifu uliwezekana, maana jiwe linaweza kutobolewa chini, ila jicho la mnunuzi halikupotoshwa na uso wa chombo.

Ikaja mizani ya mshale. Ndani yake mna springi, na mbele mna duara la namba ambalo mshale unazunguka juu yake. Ni chombo cha haraka: hakuna kutafuta mawe, hakuna kujumlisha nusu na robo. Tanzania ilipoacha ratili na kuhamia kilo mwishoni mwa miaka ya 1960, duara hilo ndilo lililowafundisha wengi kilo ni nini. Lakini mshale haukulala juu ya karatasi ya namba. Kati yao pana upenyo, na upenyo huo unatosha kumdhulumu mtu bila muuzaji kufanya lolote. Anayesimama mbele kabisa anauona mshale mahali ulipo. Anayesimama kushoto anauona umesogea kulia. Anayesimama kulia anauona umesogea kushoto. Muuzaji kwa kawaida ndiye anayesimama mbele. Mnunuzi anasimama ubavuni, mkoba begani, na mtu wa nyuma yake anamsukuma.

Kuna jambo la pili, nalo ni muda. Buchani nyama inatupwa kwenye sahani, mshale unaruka, unayumba, na kabla haujatulia nyama imekwishaondolewa na bei imekwishatajwa. Mnunuzi amepata nafasi ya kutupa jicho, hakupata nafasi ya kusoma.

Mwaka 1948 mtafiti Mmarekani, Robert Sleight, alichapisha jaribio linaloweza kusomwa kama limefanyika buchani. Aliwaonesha watu 60 vipimo vya maumbo matano kwa sekunde 0.12 tu, kufumba na kufumbua, kisha akawauliza walichosoma. Kipimo cha wima, mfano wa kipimajoto kilichosimama, kilisomwa vibaya mara 35.5 katika mia. Kilicholala kama rula, mara 27.5. Nusu duara, 16.6. Duara kamili, 10.9. Kilichoshinda vyote kilikuwa kidirisha kidogo ambamo mshale haukusogea kabisa. Namba ndizo zilizopita nyuma yake. Hicho kilisomwa vibaya mara 0.5 katika mia, yaani kosa moja katika kila mara mia mbili.

Watu ni walewale, macho ni yaleyale, namba zenyewe zilitoka kwenye kipimo kimoja. Kilichobadilika ni uso wa chombo, na makosa yakapanda mara sabini. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumtafuta mtu kwenye msongamano wa Kariakoo: kwenye kidirisha jicho linajua pa kwenda, kwenye rula ndefu linaanza kwanza kuutafuta mshale. Haifai kuichukua hesabu hiyo kama sheria ya kila mahali, kwa kuwa mtu akipewa sekunde nzima tofauti hupungua sana. Ila ni wanunuzi wangapi hupewa sekunde nzima?

Hali hiyo ya haraka ndiyo iliyozaa elimu ya kupima jinsi watu wanavyosoma vyombo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege zilikuwa zikianguka bila kupigwa risasi, na taarifa zikaandika "kosa la rubani". Katika kituo cha Wright Field, Ohio, Paul Fitts na Richard Jones hawakuridhika na maneno hayo. Waliwauliza marubani wenyewe, na mwaka 1947 wakachambua visa 270 vya kusoma vibaya vyombo vya ndege. Kilichojirudia mno kilikuwa altimita, kipimo cha kimo. Ilikuwa na mishale mitatu juu ya duara moja, mmoja wa mamia ya futi, mmoja wa maelfu, na mfupi kabisa wa makumi elfu. Rubani aliyechoka aliweza kusoma mshale wa mamia sawasawa na kukosea ule wa maelfu, akaamini yuko futi elfu moja juu ya mahali alipo. Mwenzao Walter Grether alizijaribu sura mbalimbali za altimita na kutoa matokeo mwaka 1949. Ile ya mishale mitatu iliwachukua marubani karibu sekunde saba kuisoma, na zaidi ya mara moja katika kumi walipotea kwa futi elfu au zaidi. Ile iliyoonesha tarakimu tupu ilisomwa chini ya sekunde mbili, karibu bila kosa.

Afrika Mashariki ilipata somo lake Nairobi, mara mbili katika mwaka mmoja.

Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka kuelekea Nairobi. Mwongozaji aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Ndani ya ndege namba hiyo ilipokelewa kuwa 5,000, na 5,000 ndiyo iliyowekwa kwenye kidirisha cha chombo kinachoiongoza ndege yenyewe. Uwanja wa Nairobi uko futi zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Namba iliyokaa mbele ya macho ya wahudumu wote wa chumba cha marubani ilikuwa chini ya ardhi, na kidirisha kiliionesha kwa utulivu uleule ambao kingeionesha namba sahihi. Walipotoka mawinguni waliona ardhi iko karibu mno, wakainua ndege, nayo ikafika futi zisizofika mia moja juu ya ardhi kabla ya kupanda. Wote walipona.

Siku 78 baadaye, tarehe 20 Novemba, 747 nyingine, ya Lufthansa, ilianza kupaa kutoka uwanja huohuo. Vipande vya ukingo wa mbele wa mabawa, vinavyoisaidia ndege kuinuka ikiwa bado na mwendo mdogo, havikuwa vimefunguka, kwa kuwa hewa ya kuvisukuma haikuwa imefunguliwa. Ndege iliinuka kidogo tu, ikaanguka na kuwaka moto. Kati ya watu 157, 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu. Baada yake Boeing iliongeza mfumo wa kuwaonya marubani wa 747 kama vipande hivyo havijafunguka kabla ya kupaa. Mambo yenyewe mawili hayafanani, lakini uso wa mashine ulikosa kitu kilekile: haukusema kwa sauti kwamba kuna kisichowezekana.

Kosa la kuandika namba ni jepesi zaidi, lakini humkuta kila mtu. Jangwani, kwenye nyumba zinazoteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, umeme unakatika saa mbili usiku kwa sababu uniti zimekwisha. Bibi ananunua kwa simu, ujumbe unaingia, na sasa kuna tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita ya LUKU iliyoko nje, ukutani, gizani. Tatizo linajitokeza hapohapo: simu ndiyo yenye namba, na simu ndiyo tochi. Ukiisogeza iangaze vitufe, huioni namba. Mjukuu anaitwa. Bibi anashika simu na kusoma, mjukuu anabonyeza.

"Tano, sita, nane, moja."

"Naam, Bibi."

"Sifuri, sifuri, tatu… ngoja, umeshaweka sifuri ngapi?"

LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ilianza kutumika Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Mita hizo zinafuata utaratibu uliobuniwa Afrika Kusini na kuenea duniani. Tarakimu 20 ni nyingi kupita uwezo wa kumbukumbu ya muda mfupi. George Miller wa Marekani aliandika mwaka 1956 kwamba mtu hushika akilini vitu saba hivi kwa mkupuo. Ndiyo maana namba ikiandikwa nne nne inasomeka, na ikiandikwa kwa mkururo mmoja inamchosha hata mwalimu wa hesabu. Bibi na mjukuu wake hawakuambiwa na mtu wasome nne nne. Wameligundua hilo wenyewe, kama kila nyumba ya mtaa ule ilivyoligundua.

Kwa upande mmoja mita hiyo ni chombo chenye hekima. Ukikosea tarakimu moja, inaikataa namba nzima. Umeme wako haupotei wala hauendi kwa jirani. Fedha za simu hazikuwa na kinga ya namna hiyo zilipoanza, kwa kuwa namba ya simu iliyokosewa mara nyingi ni namba ya mtu mwingine kabisa. Siku hizi mitandao huonesha jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Ni maneno mawili matatu tu kwenye kioo, lakini yamewaokoa wengi kuliko onyo lolote la kuwataka wawe makini.

Upande wa pili wa mita ulijitokeza mwaka 2024. Kila tokeni ya mita hizo, yaani namba ile ya tarakimu 20, imebeba ndani yake wakati ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijarekebishwa kabla ya siku hiyo isingepokea tena tokeni mpya. Kwa hiyo wateja wa shirika la umeme, TANESCO, walipokea makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, wayaingize kwa mfuatano wake: la kwanza, la pili, kisha la umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwenye vitufe vilevile, mbele ya kioo ambacho kwenye mita nyingi hakiwezi kuonesha hata 20 kwa pamoja. Kwa wengine ilikuwa kazi ya dakika tano. Kwa wazee waishio peke yao, na kwa wenye macho hafifu, ilikuwa jioni nzima ya kuomba vijana wa mtaa.

Sokoni nako tarakimu zimeenea. Jengo la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli, lenye nguzo zinazochanua juu kama miavuli, lilifunguliwa mwaka 1975, enzi za mshale. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 ulipoliunguza, mizani ya dijitali ilikuwa imeshaenea sokoni. Mizani hiyo imemaliza ugomvi wa kushoto na kulia, maana tarakimu ni ileile popote uliposimama, na nyingi zina kioo pande mbili, kimoja cha muuzaji na kingine cha mteja. Ugomvi umehamia mwanzoni mwa kupima. Mwenye mizani anaweza kuanza kupima kabla haijarudi kwenye sifuri, au kupima pamoja na chombo, na tarakimu zitakuwa safi na za uongo kwa pamoja. Maofisa wa Wakala wa Vipimo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2002, hukagua mizani na kuibandika stika, lakini hawawezi kusimama kwenye kila meza. Mteja mzoefu amekwishajifunza pa kutazama: anatazama sifuri kabla ya kutazama kilo.

Kuna kitu pia kilichoondoka na mshale. Ulipopima mchele kwa mshale uliuona ukisogea kuelekea kilo, mkono ukapunguza kumimina wenyewe kadiri ulivyokaribia. Tarakimu huruka: 0.86, 0.93, 1.04, na mchele umeshazidi. Watafiti wa vyombo vya ndege walisema hivyo hivyo: tarakimu kwa kusoma kiasi kamili, mshale kwa kujua kinapanda au kinashuka na kwa haraka gani.

Na hapa watu wa pwani wana kipimo chao ambacho hakuna maabara iliyokibuni. Kwenye Mnara wa Saa, uliosimamishwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji, mshale mfupi ukigota kwenye saba asubuhi, mpita njia anasema saa moja. Ukigota kwenye tisa anasema saa tatu. Saa za mchana kwa Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na saa ya Kizungu iliyoletwa na meli na ofisi huanza usiku wa manane, kwa hiyo tofauti ni saa sita kamili, na saa sita ni nusu ya duara. Namba inayotakiwa iko siku zote upande wa pili, mkabala na ncha ya mshale. Mtoto hafundishwi kutoa sita. Anafundishwa kutazama mkia wa mshale.

Simu haina mkia. Inaandika 07:00, na aliyekulia kwenye duara analazimika sasa kufanya hesabu ambayo zamani jicho lilimfanyia. Baada ya adhuhuri hesabu ni ngumu zaidi: 13:00 inatakiwa kuwa saa saba, 19:30 inatakiwa kuwa saa moja na nusu usiku. Tiketi ya ndege yenye 07:00, ikisomwa kwa haraka na mtu aliyezoea tiketi ya basi inayosema saa 12 asubuhi, inaweza kumfikisha uwanjani mchana, ndege yake ikiwa imeshatua Mwanza.

Pembezoni mwa Mtaa wa Uhuru mafundi saa bado wana vimeza vyao vyenye kioo, na chini ya kioo saa za mkononi zimepangwa kama dagaa. Nyingi ni za mishale. Mteja anakuja na saa ya tarakimu, betri imekufa. Fundi anafungua mgongo kwa kisu chembamba, anaweka betri mpya, anabonyeza kitufe cha pembeni hadi kioo kinaonesha 10:25. Kijana aliyebeba mzigo wa viatu kichwani anapita na kuuliza saa ngapi, bila kusimama.

"Saa nne na dakika ishirini na tano," anajibu fundi, macho yakiwa bado kwenye kioo.